Picha Isiyo ya Kitu Chochote

Nakuomba kabla hujasoma mstari wa pili: haya yabaki kati yetu. Usimtumie mtu. Usipige picha ya skrini. Usimsomee hata mumeo mkiwa mezani. Najua ni ujinga kuomba siri mtandaoni, lakini blogu hii ina wasomaji wachache, na wengi wenu mlikuja siku ile nilipoandika kuhusu mukimo, ule mseto wetu wa viazi na mahindi, ulioniungulia, mkabaki kwa huruma. Huruma hiyohiyo ndiyo ninayoiomba leo.

Jumapili, alasiri. Jua la huku chini halina adabu. Nyumbani kwetu Kibugu saa hizi ukungu umeshashuka juu ya majani chai na mama amevaa sweta. Hapa Mitunguu nimefungua mlango na dirisha na bado nahisi kama ndizi iliyofunikwa iive haraka.

Nimechoka na watoto. Nimechoka na watu wazima. Nimechoka na rangi ya bluu, ambayo iko chini ya kucha zangu hadi sasa. Asubuhi kanisani niliomba nikiwa nimekunja ngumi, na mama mmoja akaniambia baadaye kwamba ameguswa na bidii yangu ya maombi.

Kwa usiyenijua: mimi ni karani wa mradi mdogo wa maji ya kunyunyizia mashamba. Jina la mradi sitalitaja. Maji hutoka mtoni kule juu, huingia kwenye tangi, kisha hugawanywa kwa laini nne za mabomba, kila laini na zamu yake. Laini ya kwanza iko karibu na tangi. Ya nne iko mwisho kabisa, kwenye mteremko wa mawe, na migomba yake ni myembamba kama mikono yangu. Kila wiki watu wa laini ya nne huja dirishani kwangu kulalamika, nami huwajibu nilivyoelekezwa kujibu: presha iko chini. Nimelisema neno hilo hadi naliota. Bado niko kwenye muda wa majaribio, na mwezi huu kamati itaamua kama nitaajiriwa kabisa au nitarudi Kibugu kuchuma majani chai, digrii yangu ikiwa kabatini kwa mama.

Hilo ndilo ninaloliogopa. Sijifanyi shujaa.

Jana kulikuwa na mkutano mkuu wa wanachama. Mwenyekiti aliniita mapema. "Madam, wewe umesoma. Shika hawa watoto. Mkutano uliopita walibembea kwenye bomba mpaka likang'oka." Hakuna aliyeuliza kama najua kukaa na watoto. Ukiwa umesoma, unajua kila kitu, mpaka siku utakapotoa maoni.

Usiku wa kuamkia jana nilikuwa nimelala nikiwaza nitafanya nini nao, maana fununu za kazi hiyo zilinifikia tangu Ijumaa. Chuoni nilichukua somo moja la historia ya sanaa, kwa sababu halikuwa na hesabu. Humo ndimo nilimoona picha za wachoraji wa Marekani wa zamani waliotandika kitambaa sakafuni, wakakizunguka wakidondosha na kurusha rangi kwa vijiti na makopo, bila kuchora mtu wala mti. Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona, kwa mara ya kwanza maishani, mtu mzima akimwaga kitu bila kuomba msamaha.

Nikafikiri: watoto watapenda. Mtoto gani hapendi kumwaga?

Mtoto wa Mitunguu.

Nilitandika turubai kuukuu nyuma ya stoo, kwenye sakafu ya saruji. Rangi niliziokota humohumo ndani ya stoo: bluu iliyobaki tangi lilipopakwa, na nyeupe ya yale mawe ya kando ya njia tunayoyapaka kila mgeni mkubwa anapotarajiwa. Nikaziongeza maji zikawa nyepesi. Watoto wakajipanga bila kuambiwa, wadogo mbele.

"Tuchore nini, Madam?"

"Msichore kitu."

"Sasa itakuwa picha ya nini?"

"Si ya kitu chochote. Itaonyesha tu mkono wako ulipita wapi."

Niliipenda sana sentensi hiyo. Nilikuwa nimeitunga kitandani na kuirudia mbele ya kioo. Laiti ningejua.

Nikachovya kijiti, nikainua mkono, nikatembea nikidondosha. Uzi wa bluu ukaanguka turubaini, ukajikunja, ukakatika, ukaendelea. Nilisahau kidogo kwamba mimi ni mwoga. Nikageuka nizione nyuso zao.

"Pole, Madam," wakasema wote kwa pamoja.

Msichana mmoja alikuwa ameshakimbilia kitambaa cha kupangusa.

Nikaeleza tena. Nikaeleza kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa Kiembu changu ambacho wao husema ni Kimeru kilicholewa. Mmoja alininong'oneza kwamba mama yake humchapa akimwaga hata maji ya kunawa mikono. Mwingine alitaka kujua kama Mwenyekiti anajua tunaharibu rangi. Nilipowasukuma sana walidondosha kidogo: tone, hatua, tone, hatua, kwa mstari ulionyooka, kama watu wanaopanda maharagwe. Nikamwambia mmoja aruke huku akirusha. Aliruka juu kabisa, akatua, kisha akainama akaweka tone lake taratibu mahali palepale pa mstari.

Nilitaka kulia.

Hapo ndipo Kendi aliposimama. Kendi ni binti wa Mwenyekiti, yuko gredi ya tano, na ana sauti ya mtu aliyezaliwa karibu na maikrofoni. Alinitazama kwa huruma. "Madam, wacha tukusaidie. Hii kazi inataka laini."

Sikuwahi kuona watoto wakifanya kazi kwa kasi vile. Walileta vipande vya mpira mweusi kutoka nyuma ya stoo, vile vya kumwagilia, wakavitoboa kwa miiba. Ndoo ya rangi ya bluu ikawekwa juu ya stuli. Hiyo ilikuwa tangi. Mipira ikalazwa juu ya turubai, nne. Turubai likagawanywa mashamba kwa nyuzi za mgomba. Halafu, kwa sababu hii ni nchi yetu na hata watu watatu wakikutana kisimani lazima wawe na kamati, wakafanya uchaguzi. Kendi akawa mwenyekiti. Aliyemtaka awe mwenyekiti ni Kendi. Wakachagua katibu, wakachagua mweka hazina wa hazina isiyokuwepo, na huyo ndiye aliyepigiwa makofi mengi zaidi.

Nilizunguka turubai nikipunga mikono. "Hapana, hapana! Si shamba! Rusheni! Mkono uende wenyewe!"

"Tutapoteza, Madam," akanijibu katibu.

Kila mtoto akaketi penye shamba lake, na sikugundua wakati ule kwamba walikuwa wamejipanga kama wanavyokaa kwao. Wa laini ya kwanza juu, karibu na stuli. Mwishoni kabisa, kwenye pembe iliyochanika, aliketi Gatwiri, msichana mwembamba wa laini ya nne aliyekuja na gauni la kanisani la rangi ya maziwa. Alikuwa ameukunja mpira wake kwa vidole viwili ili rangi isipite, akingoja zamu. Zamu ilihesabiwa kwa wimbo: ukiimbwa ubeti mmoja laini yako inafunguliwa, ukiisha unakunja.

Nikaitwa mkutanoni kupanga viti. Nikaenda nikinung'unika peke yangu. Nilikuwa nimewapa uhuru, wao wakanirudishia mradi wa maji.

Niliporudi, juu ya turubai kulikuwa na ziwa. Shamba la Kendi lilikuwa limefurika bluu hadi nyuzi za mgomba zinaelea. Laini ya pili ilikuwa na madimbwi, ya tatu matone. Shamba la Gatwiri lilikuwa na alama chache, kama mbu waliouawa ukutani.

"Kwa nini huku hakuna kitu?" nikauliza.

"Laini ya nne tumeifunga," akasema Kendi. "Ni usiku."

"Usiku gani? Ni saa nne asubuhi!"

"Kwa picha, Madam. Ikifika usiku laini ya nne hufungwa, maji hurudi kwetu. Asubuhi wanafunguliwa." Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kwamba ng'ombe hukamuliwa mara mbili kwa siku.

Nilisimama pale na kijiti changu. Presha iko chini. Presha iko chini. Mara ngapi nimewaambia watu wale?

Gatwiri aliinuka. Alikwenda hadi kwenye stuli, akaishika ile ndoo kwa mikono miwili, akaiondoa. Kendi akapiga kelele kwamba si zamu yake. Gatwiri akaanza kutembea kuteremka turubai, ndoo ikiwa imeinama, akizunguka na kuyumba kwa uzito wake, na rangi ikaruka. Iliruka kwa pinde, kwa mikanda mirefu, ikapita juu ya mipira na nyuzi na mashamba yote, ikaanguka pale mkono wake ulipoiacha ianguke. Alipofika kwenye shamba lake aliimimina iliyobaki yote. Kisha akarudi, akachukua kopo la nyeupe na kijiti changu, akaendelea.

Nisameheni. Najua ningepaswa kumzuia. Lakini ndicho nilichokuwa nikiomba asubuhi nzima! Mkono kutoka begani, mwili mzima, bila woga. Wenzake walimtazama kidogo tu, kisha wakaingia wote, hata mweka hazina. Kendi mwenyewe alisusa, akanuna, halafu akachovya mkono wake mzima katika nyeupe akarusha. Walikuwa wanacheka. Bluu na nyeupe zilikuwa zimeshikana kama mizizi, na chini yake bado ungeweza kuona laini nne na lile ziwa la juu. Ilikuwa nzuri. Naandika hivyo hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kuandika.

Ndipo mkutano ulipotoka.

Watu wazima walikuja kuchukua watoto wao. Wa kwanza alikuwa mama yake Gatwiri, na jambo la kwanza aliloliona ni gauni. "Gatwiri! Nguo ya kanisa! Kwani umeogeshwa na nani?"

"Nilikuwa naleta maji kwetu, mama."

"Maji gani?"

Gatwiri akaelekeza kwa kidole chenye rangi. Stuli, tangi. Hapa kwa kina Kendi. Hapa laini ya pili. Hapa kwetu. Mama yake akatazama, akaacha kusugua lile gauni. Mwanamume mmoja wa laini ya nne, ambaye huja dirishani kwangu kila Jumatatu akiwa amevua kofia, akainama juu ya turubai mikono ikiwa mgongoni. Kisha akaita nyuma yake, "Baite, jamani! Kujeni muone! Wamechora shida yetu!"

Wakaja wote. Nikajaribu kusema kwamba si picha ya kitu. Nilisema kwa sauti ya kuku aliyebanwa na mlango. Hakuna aliyenisikia.

Mwenyekiti alifika akicheka, kicheko kipana cha mtu anayepita katikati ya umati. "Ni mchezo wa watoto, watu wangu. Twendeni tunywe chai."

"Watoto huchezea wanayoyaona," akasema mama yake Gatwiri. "Ati laini ya nne hufungwa usiku. Nani alimwambia mtoto?"

Na Kendi, aliyejaa rangi hadi kwenye nyusi, aliyejivunia kwamba hatimaye mtu anauliza swali analolijua, akajibu kwa sauti yake ileile ya maikrofoni: "Si mimi ndiye humshikianga baba tochi!"

Chai ilinywewa kimya sana jana.

Niliondoka na lile turubai kwa sababu hakuna aliyejua la kulifanya, na karani ndiye huchukua vitu ambavyo hakuna anayejua la kuvifanya. Limekunjwa chini ya kitanda changu. Chumba kizima kinanuka rangi. Nikihema naisikia.

Leo baada ya ibada Mwenyekiti alinisubiri kwenye ua wa kanisa. Hakunikaripia. Angenikaripia ningejua la kufanya, yaani kulia. Alinisalimu, akauliza habari za mama, akauliza kama mvua imenyesha kwetu. Kisha akasema, "Madam, ile picha ni ya nini?"

"Si ya kitu chochote, mzee."

"Nani anafundisha watoto kuchora kitu kisichokuwepo?"

Nikamweleza kuhusu wale wachoraji. Alisikiliza hadi mwisho. "Watu wazima? Wanamwaga rangi chini?" "Ndiyo, mzee." "Na wake zao wako?" Akatikisa kichwa. "Wewe ni msichana wa Embu. Natumaini hukutumwa na mtu."

Kisha akaninyooshea njia, kwa upole kabisa. Jumanne kamati inakaa. Nitaitwa. Niende na turubai. Niwaambie kamati hayo niliyomwambia yeye: kwamba hiyo ni sanaa ya kisomi, haina maana, si picha ya kitu chochote, na anayeona laini humo anajiona mwenyewe. Turubai litachomwa pamoja na takataka za stoo. Halafu, siku hiyohiyo, wazungumzie kazi yangu ya kudumu. "Utasema tu ukweli," akanipigapiga begani. "Si ndivyo ulivyoniambia?"

Ndivyo nilivyomwambia! Ndicho kinachonikera hadi nataka kurusha kikombe hiki ukutani. Asubuhi nzima jana niliwasihi wale watoto wakubali kwamba picha inaweza kuwa si ya kitu. Hakuna aliyenisikiliza hata mmoja. Leo amepatikana mtu mmoja katika Mitunguu nzima aliyeelewa somo langu, na ni Mwenyekiti.

Nimewakasirikia watoto: kwa nini wasingerusha tu tangu mwanzo kama watoto wengine? Nimemkasirikia Kendi, halafu nikamkumbuka jana akiondoka akiwa ameshikwa mkono na baba yake, hageuki, na hasira ikaniisha. Hakusema uongo. Hajui bado kwamba kuna ukweli wa kushikia tochi na ukweli wa kusema mbele ya watu. Atakuwa amefunzwa kufikia sasa.

Nimejikasirikia mimi zaidi. Niliwapigia makofi walipoacha kuogopa. Sasa ni zamu yangu, nami nimekunja mpira kwa vidole viwili.

Nimelitoa turubai chini ya kitanda mchana huu nikalitandika. Chumba hakitoshi, nusu imepanda ukutani, nusu nimeikalia. Nililitazama muda mrefu nikitafuta namna ya kutoona laini humo. Nilijiambia, tazama, ni rangi tu. Lakini jicho langu kila mara lilianza pale stuli ilipokuwa, likateremka na ile mikanda mirefu ya bluu, likayumba pale Gatwiri alipoyumba, hadi kwenye pembe iliyochanika. Hata vidole vyake viko pale alipoegemea.

Kwa hiyo nimeamua, na naandika haraka kabla woga haujarudi kutoka dukani.

Jumanne nitalibeba turubai. Nitalitandika sakafuni mbele ya kamati, na nitasema ukweli kama nilivyoombwa. Nitasema si picha ya kitu chochote. Inaonyesha tu mkono ulipita wapi. Kisha nitawaonyesha, kwa kidole, mkono mmoja baada ya mwingine: huu ulifungua, huu ulikunja, huu ulingoja, huu ulibeba ndoo. Mimi ni karani. Kueleza kilichofanyika ndiyo kazi yangu. Wakiniuliza maana, nitasema sijui maana, mimi nilifundisha kudondosha tu.

Huenda sauti ikawa ileile ya kuku. Itatosha. Chumba cha kamati ni kidogo.

Na kama unataka kunipata baada ya hapo, fanya hivi. Usipige simu ya ofisi. Hupokelewa na watu wengine. Pita Jumatano kwa njia ya nyuma, ile ya migombani, utazame dirisha langu. Ukiona pazia limefunguliwa na watu wa laini ya nne wamejipanga nje, jipange nao, ukifika kwangu useme umekuja kuhusu rangi. Ukikuta pazia limefungwa, usiulize mtu hapo. Panda juu hadi Manyatta, uendelee hadi Kibugu, na ubebe sweta. Ulizia mama mwenye binti aliyerudi kutoka Mitunguu na kucha za bluu. Nitakuwa kwenye majani chai, na safari hii ukiniita nitaitika kwa sauti.